Saini ya Mtoto na Muhuri wa Mwenyekiti: Dhana Potofu Kuhusu Uwezo na Uhalali katika Mikataba

Kijana wa miaka 17 anachukua pikipiki kwa mkataba: kila jioni atapeleka hesabu kwa mwenye chombo, na mwaka ukiisha bila deni pikipiki itakuwa yake. Karatasi imeandikwa kwa mkono, mashahidi wawili wameweka dole gumba, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa amegonga muhuri chini kabisa. Wote wanaondoka wakiamini kwamba mambo yamekamilika kisheria. Kwa sheria ya Tanzania Bara, hakuna mkataba hapo.

Dhana iliyoenea zaidi, hata miongoni mwa baadhi ya wanafunzi wa sheria, ni kwamba mkataba wa mtoto ni halali mpaka mtoto mwenyewe aukatae. Wanaosema hivyo mara nyingi wamesoma vitabu vya Uingereza, ambako mikataba mingi ya mtoto haimfungi yeye lakini humfunga mtu mzima aliyeingia naye. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, imechukua njia nyingine. Kifungu cha 11 kinatambua uwezo wa mtu aliyefikia umri wa utu uzima, yaani miaka 18, mwenye akili timamu, na ambaye hakuzuiwa na sheria nyingine yoyote. Kisha kinasema wazi kwamba makubaliano ya mtu asiye na sifa hizo ni batili. Chimbuko lake ni Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyotumika Tanganyika hadi 1961, ilipotungwa sheria ya nchi iliyobakiza sehemu kubwa ya vifungu hivyo. Kenya, iliyokuwa ikitumia sheria hiyohiyo ya India, ilihamia kwenye kanuni za Uingereza, na ndiyo maana jibu la wakili wa Nairobi linaweza kutofautiana na la wakili wa Arusha.

Kesi inayotajwa kila mara katika jambo hili ni ya Mohori Bibee dhidi ya Dharmodas Ghose, iliyoamuliwa mwaka 1903 na Baraza la Faragha mjini London, lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza. Mwaka 1895 Dharmodas Ghose, kijana wa Calcutta nchini India, aliweka nyumba zake rehani kwa mkopeshaji kwa ajili ya mkopo wa rupia 20,000, na katika hati akatamka kwamba ametimiza umri. Tatizo la mkopeshaji lilikuwa kwamba wakala wake alikwisha kupata barua kutoka upande wa mama wa kijana, ikieleza kwamba bado ni mtoto. Rehani ikatamkwa batili, na fedha zilizokwisha kutolewa hazikuamriwa kurudishwa. Kwa hiyo anayejikinga kwa kumwandikisha kijana sentensi ya «nina miaka 18», ilhali anajua au ameambiwa ukweli, hajajikinga na chochote. Afadhali angeomba cheti cha kuzaliwa.

Turudi kwenye pikipiki. Mwenye chombo hawezi kudai mahakamani hesabu za siku ambazo hazikuletwa, kwa kuwa deni lenyewe lilitokana na mkataba usiokuwepo. Pikipiki yake anaweza kuidai, lakini kwa hoja ya umiliki. Jambo ambalo wengi hulisahau, na ambalo mimi naliona ndilo linaloumiza zaidi, ni kwamba kijana aliyepeleka hesabu miezi kumi na mmoja bila kukosa naye hawezi kuitegemea karatasi ile kudai pikipiki iandikwe jina lake. Kusema tu kwamba sheria inamlinda mtoto ni kusema nusu ya habari.

Wengine hudhani kwamba baba atalipa. Baba hakuwa mhusika, na uzazi peke yake haumfanyi mdeni, isipokuwa kama alijifunga kwa mkataba wake mwenyewe au alimtuma mtoto kama wakala wake. Wapo pia wanaosubiri kijana atimize miaka 18 ili «athibitishe» ile karatasi ya zamani. Kilicho batili tangu mwanzo hakithibitishwi, waandikiane upya.

Ubatili huu hauna maana kwamba anayemuuzia mtoto chakula, dawa au sare za shule amepoteza mali yake. Kifungu cha 68 kinamruhusu aliyempatia mtoto mahitaji ya lazima, yanayolingana na hali yake ya maisha, alipwe kutoka katika mali ya mtoto huyo. Yaani kama mtoto hana mali, hakuna cha kudai. Na mahitaji ya lazima hupimwa kwa mtoto mwenyewe: mwaka 1908 nchini Uingereza fundi cherehani alimshtaki mwanafunzi wa Cambridge aliyechukua nguo zake, zikiwamo vizibao 11 vya mapambo, akashindwa kwa sababu baba wa kijana alikuwa amekwisha kumnunulia nguo za kutosha.

Kuhusu akili timamu niseme kwa ufupi tu. Mtu mwenye maradhi ya akili hapotezi uwezo wake moja kwa moja. Kifungu cha 12 kinaangalia kama wakati wa kukubaliana aliweza kuelewa mkataba na kupima faida yake.

Linabaki suala la uhalali. Muhuri, mashahidi na hata wakili havibadilishi kusudio haramu, kwa kuwa kifungu cha 23 kinabatilisha makubaliano ambayo lengo lake linakatazwa na sheria au linapingana na maslahi ya umma. Aliyetoa fedha ili apatiwe ajira kwa mlango wa nyuma, kisha ajira isipatikane, asitarajie hakimu amsaidie kuzidai. Mfano mbaya kuliko wote ni ule unaoitwa kumalizana nyumbani: mtoto amebakwa, familia mbili zinakaa, zinakubaliana idadi ya ng'ombe au kiasi cha fedha, na kuandika kwamba shauri halitafika polisi. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, si ya baba wala mjomba. Ndugu wa mtoto wakipewa nusu ya walichoahidiwa hawawezi kudai nusu iliyobaki, na karatasi waliyoitunza kabatini kama hati ya haki yao inaweza kusomwa mahakamani kama ushahidi dhidi yao wenyewe.