Shingo na mwili wa gitaa kavu: sauti inatoka wapi, na kwa nini vidole vinauma

Fedha za korosho zikishaingia, vijana na wanakwaya wa Mtwara, Masasi hadi Nachingwea huagiza magitaa Kariakoo, nayo hushuka kusini kwa basi yakiwa kwenye maboksi. Mwagizaji hutaja bei na rangi. Ni wachache wanaosema wanataka shingo ya namna gani, wakati shingo ndiyo itakayoamua kama gitaa litapigwa kila Jumapili au litatundikwa ukutani.

Gitaa kavu, ambalo wakongwe wa dansi huliita galatoni, halihitaji umeme ili lisikike. Sauti yake yote ni ya mbao. Uzi peke yake ni mwembamba mno, hauwezi kusukuma hewa ya kutosha. Kazi yake ni kutikisa daraja, kile kipande cha mti kilichogundishwa mbele ya tundu, na daraja hutikisa uso mzima, yaani ubao wa mbele. Uso ndio ngozi ya ngoma. Shingo, kwa upande wake, hushikilia nyuzi zilizokazwa na kuupa mkono wa kushoto pa kubonyeza. Ndiyo maana husemwa kwamba mwili ni wa sauti na shingo ni ya mkono. Ni kweli kwa kiasi, ila nyuzi zinazoivuta shingo ndizo hizo hizo zinazouvuta uso, kwa hiyo ukigusa kipimo kimoja cha shingo, umegusa na sauti.

Kipimo chenyewe ni skeli: urefu wa uzi unaotikisika, kuanzia nati (kile kipande cheupe chenye mifereji sita karibu na kichwa) hadi kipande cheupe cha darajani. Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolazwa kukata shingo, na ya 12 iko katikati ya safari hiyo. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka nati hadi freti ya 12, zidisha mara mbili. Magitaa mengi makubwa ya nyuzi za chuma yana milimita 645. Mengi ya kampuni ya Gibson yana kama 628. Ya nyuzi za nailoni yana 650. Kati ya 645 na 628 ni milimita 17 tu, lakini mvuto wa uzi hukua kwa mraba wa urefu. Kwa nyuzi zile zile na tyuni ile ile, skeli fupi hupunguza mvuto kwa kama asilimia 5. Uzi unakuwa laini kidogo, freti zinasogeleana, na mwenye kiganja kidogo anafika bila kujinyoosha. Sauti nayo inapoa: inakuwa nzito na ya upole, wakati skeli ndefu hutoa mlio mkali unaokata.

Mvuto huo si mdogo. Seti ya nyuzi nyepesi za chuma, zile ambazo uzi wa kwanza una inchi 0.012, huvuta kwa jumla kilo 70 na ushee. Za nailoni huvuta karibu nusu ya hapo. Na hapa ndipo watu wanapoua magitaa: mtu ana gitaa la nailoni, uzi unakatika, dukani hakuna ila za chuma, anafunga. Haichukui muda uso unatuna nyuma ya daraja, daraja lenyewe linaanza kung'oka, shingo inapinda. Magitaa ya chuma yana fimbo ya chuma ndani ya shingo ya kupambana na mvuto. Thaddeus McHugh wa kiwanda cha Gibson, Marekani, aliipatia hataza mwaka 1923. Mengi ya nailoni hayana. Ukiona nyuzi zimefungwa fundo darajani na kichwa kina matundu mawili marefu, usifunge chuma, hata kama muuzaji anakuhakikishia.

Upana wa shingo ni suala la vidole. Kwenye nati, gitaa la chuma huwa na milimita 43 au 44 na nusu hivi, la nailoni 52. Anayepiga kodi tu (nyuzi kadhaa kwa mpigo mmoja) kuwaongoza waimbaji hufaidi ile nyembamba. Anayedonoa uzi mmoja mmoja anahitaji nafasi, la sivyo kidole kinaziba uzi wa jirani. Unene wa mgongo wa shingo nao hauna mshindi. Wengi hupenda shingo nyembamba dukani kwa sababu inashikika kirahisi, lakini mwenye mkono mkubwa akiipiga ibada nzima, dole gumba linakakamaa.

Kinachoumiza zaidi ya vyote hivyo, kwa maoni yangu, ni kimo cha nyuzi, ambacho mafundi hukiita ekshoni. Gitaa la chuma likiwa na milimita 2 hadi 2.5 kutoka juu ya freti ya 12 hadi chini ya uzi, linapigika. Likifika 4 ni adhabu. Tazama kodi ya F, pale kidole cha shahada kinapolazimika kulala juu ya nyuzi zote kwenye freti ya kwanza. Mwanafunzi huambiwa avumilie, vidole vyake bado laini. Kabla ya kumlaumu, bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, kisha angalia freti ya kwanza: nafasi kati ya uzi na freti inatakiwa iwe ya unywele. Kama inaonekana waziwazi, mifereji ya nati haikuchimbwa vya kutosha, na hiyo ni kazi ya tupa ndogo na fundi mwenye subira.

Pwani yetu inaongeza lake. Mafundi hushauri gitaa likae kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na hewa ya Mikindani au Lindi mjini mara nyingi imepita hapo. Mbao hunywa unyevu, uso unavimba, daraja linapanda na nyuzi pamoja nalo. Gitaa lililokuwa laini Dar linaweza kuwa gumu kwako bila mtu kuligusa. Likae ndani ya mfuko wake, mbali na mabati yenye jua, maana joto hulegeza gundi.

Tukija kwenye mwili, watu huamini kikubwa ndicho bora. Umbo kubwa linalotawala madukani, lenye mabega mapana na kiuno kisichobana, linaitwa dreadnought, kwa jina la manowari ya Uingereza ya mwaka 1906. Kampuni ya Martin ya Marekani ilianza kulitengeneza mwaka 1916 kwa ajili ya kampuni ya muziki ya Oliver Ditson. Hewa iliyomo ndani ina mlio wake, karibu mitikisiko 100 kwa sekunde, katikati ya uzi wa sita (82) na wa tano (110). Ndiyo maana besi yake inajaa. Kwa mwimbaji mmoja, safi kabisa. Kwa kwaya yenye kinanda, gitaa la besi na ngoma, besi hiyo inagombana na wenzake na kipaza sauti kinaanza kuvuma. Ningechukua mwili mdogo wenye kiuno: mlio wake uko wazi zaidi, unakaa vizuri pajani, na bega la kulia halipandi kulizunguka.

Hata mahali shingo inapokutana na mwili pana sauti yake. Zamani shingo iliungana na mwili kwenye freti ya 12. Mwaka 1929, kwa ombi la mpiga banjo Perry Bechtel, Martin walitoa gitaa linaloungana kwenye freti ya 14 ili mkono ufike juu zaidi. Kufanya hivyo kulisogeza daraja kuelekea tundu. Lile la freti 12 daraja lake limekaa katikati ya sehemu pana ya uso, na mlio wake una joto zaidi.

Chini ya uso kuna mbavu, vijiti vinavyouimarisha. Za gitaa la nailoni hutawanyika mithili ya kipepeo cha mkono, mpangilio ulioimarishwa na Antonio de Torres wa Uhispania. Za chuma hukatana kwa umbo la X. Mwaka 1862 Torres aliunda gitaa lenye mgongo na pembeni za karatasi iliyogundishwa, uso tu ukiwa wa mbao, kuonyesha sauti iko wapi. Kwa hiyo fedha yako iende kwenye uso. Chungulia ukingo wa tundu: mistari ya mti ikishuka moja kwa moja kutoka juu hadi ndani, ni ubao mmoja, ukiona matabaka, ni playiwudi.

Watu wa huku huuliza kama mpingo wetu, wa Kilwa na Liwale, unafaa. Unafaa sana kwa mgongo, pembeni na ubao wa freti, na wapo mafundi wa nje wanaoutumia hivyo, mbali na klarineti zinazochukua mwingi. Usoni hapana. Mita moja ya ujazo ina kilo 1,200 hivi, hata majini unazama. Mbao za usoni kama sprusi hazifiki nusu yake.

Kama gitaa umeshanunua na vidole vinakataa, anza na nyuzi. Uzi wa kwanza wa 0.011 badala ya 0.012 unapunguza mvuto kwa kama asilimia 16, mara tatu ya faida ya skeli fupi. Bado ngumu? Shusha gitaa zima nusu toni, asilimia 11 nyingine inaondoka, kisha funga kapo, kile kibano kinachobana nyuzi zote, kwenye freti ya kwanza. Tyuni inarudi ilipokuwa, na nati iliyo juu haikuhusu tena.