Shada likifika limefumba

"Mmenitumia matumba." Ujumbe ndio huo tunaoletewa sisi wauza maua, na karibu kila mara huja na picha: boksi limefunguliwa juu ya meza, mayungiyungi yamekaza kama vidole vya kijani, mawaridi yamejikunyata, na chini yake maelezo kwamba mama kasikitika, maua ni ya zamani. Naandika mara moja hapa ili safari ijayo niwe natuma kiungo tu.

Ua lililochanua kabisa ndilo la zamani. Lililofumba ndilo bichi. Aliyekuwa na haraka anaweza kuishia hapo.

Kwa aliyebaki, habari yenyewe ni hii. Ua likishakatwa, mzizi haulilishi tena. Kinachobaki ni akiba ya sukari iliyomo ndani ya shina, majani na petali, na kuchanua ndiko kunakoila hiyo akiba. Kasi ya kula inategemea joto: kwenye nyuzi 20 za Selsiasi ua hupumua mara kadhaa zaidi kuliko kwenye nyuzi 2, ndiyo maana tunayaweka kwenye chumba cha baridi na si kwenye kabati. Petali zikishafunguka zote, safari imebaki fupi. Sasa wewe unataka lipite usiku mzima ndani ya gari, lilale stoo ya mji mdogo, lisubiri mtu wa kulipeleka nyumbani, halafu mpokeaji alikute limechanua? Lingekuwa limechanua kwa ajili ya dereva.

Lawama nyingine iende kwa picha za kwenye tovuti, na hapa tumejitakia wenyewe. Shada la kupiga picha huachwa siku tatu au nne chumbani lifunguke, ndipo kamera inaitwa. Mteja anaona siku bora ya shada anadhani ni siku ya kwanza. Hakuna anayeandika chini ya picha "hivi ndivyo litakavyokuwa Ijumaa."

Lakini si kila ua hufuata kanuni moja. Hapo ndipo hata wenzangu wa kazi huteleza, wanamjibu mteja "yatachanua tu" bila kuangalia ametumiwa nini.

Waridi likatwe petali moja au mbili za nje zikiwa zimeanza kuachia ncha. Libonye kwa vidole viwili pale petali zinapokutana na shina: likiwa gumu ni bichi, likibonyea ni la juzi hata kama linapendeza. Zile petali za nje zenye mabaka ya kijani na kahawia si ugonjwa. Mkulima huziacha makusudi zikinge zilizo ndani. Shika kila moja chini kabisa, ivute kwa upande, tupa, na utakuta ua safi ndani. Usitoe zaidi ya tatu au nne.

Yungiyungi ndilo linaloleta malalamiko mengi kuliko yote, na ndilo lisilostahili hata moja. Shina zuri la kusafirisha lina tumba la chini lililovimba na kupata rangi, mengine bado ya kijani. Chumbani penye joto la kawaida la kwanza hufunguka baada ya siku moja hadi tatu, kisha yanafuatana kupanda juu, hivyo shina lenye matumba manne hukupa maua kwa wiki na zaidi. Tumba dogo kabisa la kileleni mara nyingi halifunguki. Likate, usilisubiri. Ua likianza tu kufunguka, chomoa vile vifuko vya chavua kabla havijatoa unga, maana chavua yake ikigusa kitambaa cha meza imehamia. Ikishaanguka, usifute kwa maji wala kwa kiganja. Igusishe upande wenye gundi wa selotepu uinyanyue. Na kama anayetumiwa anafuga paka, toa mayungiyungi kwenye oda. Jani, petali, chavua, hata maji ya chombo, vyote huua figo za paka. Uliza kwanza.

Tulipu likatwe nusu kijani nusu rangi. Litaendelea kurefuka ndani ya chombo na kupinda kufuata mwanga, kwa hiyo usipige simu kwamba "yamelegea." Gladiola: maua mawili matatu ya chini yameonyesha rangi, basi. Airisi ikionyesha ncha ya rangi kama ya penseli inatosha, ila hufunguka kwa saa chache na kuisha ndani ya siku chache. Siipeleki mbali.

Sasa upande wa pili. Jebera, krisantemu na dahlia hazichanui zaidi baada ya kukatwa, au huchanua kidogo mno. Ukiletewa jebera iliyofumba, lalamika, una haki. Itazame katikati: mizunguko miwili ya nje ya vile vijiua vidogo iwe imeshatoa chavua, vinginevyo shingo italegea kesho yake. Dahlia ni nzuri mno na haina subira. Huishi siku tatu, tano kwa bahati. Anayeiweka kwenye boksi la safari amemkosea mkulima na mpokeaji kwa pamoja. Alizeti ipo katikati: petali ziwe zimeanza kuinuka kutoka kwenye kitovu, si lazima ziwe zimetandaa.

Halafu kuna karnesheni, ambayo huvuruga somo lote. Karnesheni ikivuta gesi ya ethilini, petali hujikunja kuelekea ndani na ua linafumba upya. Sisi tunasema limelala. Ukilitazama kwa mbali ni tumba, lakini ni maiti. Tofauti iko kwenye petali: za tumba zimebana na ni ngumu, za lililolala ni nyembamba, zimenywea kama karatasi iliyolowa. Hilo halifunguki hata uliimbie.

Na ethilini hutoka wapi? Kwenye matunda yanayoiva. Ndizi, tufaha, parachichi. Bado kuna watu wanauza "boksi la furaha" lenye maua na matunda ndani ya kadibodi moja iliyofungwa kwa selotepu usiku kucha. Alstromeria inafika imepukutika, karnesheni imelala, na muuzaji anasema ni jua. Tuma matunda kwa boksi lake. Hata nyumbani, chombo cha maua kikae mbali na bakuli la matunda.

Nikubali jambo moja: mara nyingine mteja ana haki hata kwenye waridi. Likikatwa mapema mno, halifunguki kamwe. Linainamisha shingo na kufa limefumba. Kinachosaidia kutambua ni yale majani madogo ya kijani yanayolishika tumba. Yakiwa yamejikunjua na kutazama chini, ua lilikuwa limekomaa na litachanua. Yakiwa bado yamelikumbatia, nina wasiwasi. Ila kwa kutazama picha ya simu peke yake, mimi hubahatisha kama mtu mwingine yeyote, na anayekuhakikishia kwa picha anakupooza tu. Njia ya haki ni kusubiri saa 48 ndani ya maji, halafu ndipo tuzungumze kurudishiwa pesa.

Waridi likiinama shingo siku ya kwanza, bado usilitupe. Maji hayapandi, ama kwa hewa iliyoingia kwenye mkato ama kwa bakteria walioziba. Kata sentimita tatu chini, liviringishe lote kwenye gazeti kwa kubana ili shingo inyooke, lisimamishe kwenye maji ya vuguvugu yanayofika karibu na ua, uliache saa moja au mbili. Likitoka limesimama, limepona. Likitoka limeinama, pole.

Kuhusu mji mdogo wenyewe. Shada hufika kwa njia mbili, na wateja wengi hawajui wamelipia ipi. Ya kwanza ni boksi linalosafiri. Ya pili ni oda inayosafiri: unalipa kwa mtu wa kati, yeye anakata chake, na kilichobaki kinapelekwa kwa duka lililo karibu na mpokeaji likufungie shada. Mtindo huu si wa intaneti. Huko Marekani wauza maua waliungana kupeana oda kwa telegramu tangu 1910. Ubaya wake kwa mji mdogo ni kwamba duka la huko lina aina chache ndani ya ndoo, na picha uliyochagua ina aina saba. Atakachofanya mwenye duka ni kubadilisha, na atabadilisha kwa pesa pungufu kuliko ulizotoa. Usimlaumu.

Bora umtafute mwenyewe. Piga simu, uliza mzigo wake huingia siku gani, na agiza kwa siku inayofuata hiyo. Usimtajie ua. Mtajie rangi, kiasi cha pesa, na kitu kimoja usichokitaka. "Njano na chungwa, pasiwe na yungiyungi, nyumba ina paka" ni oda safi kuliko picha kumi. Kama duka halipo, basi ni boksi.

Shada la kuchangamsha kwa njia ya boksi, mimi ningefunga hivi: mawaridi saba ya chungwa, alstromeria tano za njano, krisantemu tano za vichwa vingi, mayungiyungi matatu. Alstromeria na krisantemu ndizo zinazobeba siku za mwisho mengine yakiisha. Zambarau iliyoiva na bluu zinapendeza mchana, lakini chini ya taa ya jioni zinageuka weusi, na wazee wengi hukaa sebuleni jioni. Tia njano.

Ufungaji naupita haraka. Maua yanywe maji na kupoa kwenye nyuzi 2 hadi 4 kwa saa nne au zaidi kabla ya kuingia boksini. Boksi halipoozi ua lenye joto, linalipika. Mashina yafungwe kwenye ukuta wa boksi yasiteleze, vichwa vibaki na nafasi ya sentimita tano kutoka mwisho, barafu isiguse petali. Anthuriamu, helikonia na orkidi nyingi zisishushwe chini ya nyuzi 12 hivi, zitatoka zimebabuka weusi. Zisichanganywe na mawaridi kwenye baridi moja.

Akishapokea: kata sentimita mbili au tatu za kila shina kwa kisu au mkasi unaokata kweli, ondoa majani yote yatakayozama, chombo kioshwe kwa sabuni kama sahani ya kulia. Vitabu vinasisitiza mkato wa mshazari wa nyuzi 45 tena chini ya maji. Nimepunguza imani. Mshazari una faida moja ninayoiona: shina haliketi bapa kwenye kitako cha chombo na kujiziba. Ukali wa kisu na usafi wa chombo vinashinda pembe yoyote.

Kile kipakiti cha chakula cha maua kimeandikwa kiasi cha maji, fuata. Kukigawa nusu "kisaidie wiki mbili" ni kosa baya kuliko kutotumia kabisa, maana unabaki na sukari ya kulisha bakteria na dawa isiyotosha kuwaua. Bila kipakiti: lita moja ya maji, kijiko kimoja cha chai cha sukari, viwili vya maji ya limau, robo kijiko cha klorini ya kufulia isiyo na manukato. Badilisha kila siku mbili na ukate tena kidogo. Sukari peke yake, hapana. Asprini, sarafu, soda ya jana, mniache.

Anayetaka yafunguke haraka kwa ajili ya sherehe, ayape maji ya vuguvugu na chumba chenye joto, mbali na jua la dirishani. Anayetaka yadumu ayaweke usiku sehemu ya baridi ya nyumba. Friji ya jikoni isitumike, ina matunda.

Ujumbe wa kumtumia mpokeaji siku moja kabla, nakilini mbadilishe majina tu: "Mama, shikamoo. Kesho utaletewa maua, yatakuja yamefumba, ndivyo yanavyotakiwa. Kata mashina kidogo chini, uyatie kwenye maji masafi pamoja na ile dawa ya kwenye pakiti, yasikae karibu na ndizi. Picha nipigie keshokutwa jioni."