Printa kuwa oflaini si kukosa intaneti

Kompyuta ikikuandikia kwamba printa iko oflaini, maana yake ni kwamba imeiita printa kwenye anwani inayoijua, yaani namba ya printa katika mtandao wa ofisi, na printa haikuitika. Basi. Hapo hapana habari ya bando, wala ya kampuni ya simu, wala ya ule waya wa faiba unaoingia kutoka nje.

Nalisema hili kwa sababu huku Lamu neno lenyewe limeshaharibika. Utakuta ofisi nzima Mkomani imekaa kitako inangoja "net irudi" ili barua ya kurasa mbili ichapwe, na barua imeandikwa kwenye kompyuta iyo hiyo, na printa iko meza ya pili. Mwengine huwapigia simu wauza intaneti akawagombeza bure. Mwengine, na huyu ndiye anayenimaliza, hununua bando kwa pesa zake, akawasha hotspoti ya simu na kuiunga kompyuta huko. Kwa kufanya hivyo ameitoa kompyuta kwenye mtandao wa ofisi, na printa ameiacha nyuma. Hata kama ilikuwa karibu kuitika, sasa haiitwi tena.

Mtandao wa ofisi na intaneti ni vitu viwili. Maadamu ruta, kile kisanduku kinachoziunga mashine za ofisi, ina stima, kompyuta na printa zilizoungwa nayo huzungumza zenyewe kwa zenyewe, hata waya wa nje uwe umekatika. Zile anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani tu na hazitembei kwenye intaneti. Cheti chako cha PIN cha KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kinataka intaneti wakati wa kukipakua. Kikishakaa kwenye kompyuta kama faili, kukichapa ni shughuli ya humo humo ndani.

Na neno lenyewe ni kongwe kuliko intaneti. Mwaka 1959 IBM ilitangaza kompyuta yake ya 1401. Kompyuta kubwa za enzi hizo zilikuwa ghali mno kuachwa zikingoja printa imalize kugonga karatasi, kwa hiyo matokeo yaliandikwa kwanza kwenye utepe wa sumaku. Mtu akauchukua utepe kwa mkono, akaupakia kwenye 1401, nayo ikachapa huku kompyuta kubwa ikiendelea na hesabu zake. Huko ndiko kuchapa oflaini: kuchapa mbali na mashine kuu. Halikuwa kosa wala onyo, ulikuwa mpango wa watu wenye akili.

Kisha zikaja zile printa za pini za miaka ya 1980, zenye kelele na karatasi ya matundu pembeni. Nyingi zilikuwa na kitufe usoni kilichoandikwa On Line, na kitaa chake. Ukikibonyeza kitaa kikazimika, printa imeacha kuisikiliza kompyuta, nawe unaisogeza karatasi kwa vitufe vya kando mpaka ikae sawa. Unabonyeza tena, kazi inaendelea. Kati ya mashine hizo mbili palikuwa na waya mmoja mnene na hapakuwa na ruta. Kitaa kilipozimika hakuna aliyemlaumu mtu wa intaneti, maana mtu huyo hakuwapo mjini.

Kwa nini basi printa iliyochapa vizuri jana leo iwe oflaini? Mara nyingi ni stima. Ikipotea na kurudi, ruta huamka na kugawa anwani upya. Printa iliyokuwa 192.168.1.20 huenda ikapewa 192.168.1.23, na kompyuta bado inaita 20. Ni kama unapompigia mtu ukaambiwa mteja hapatikani, kumbe mwenyewe yupo nyumbani na mzima, amebadilisha laini tu. Kumwongezea salio hakutasaidia.

Nenda kwenye menyu ya printa yenyewe, itoe karatasi ya mipangilio, usome anwani yake, kisha uilinganishe na ile iliyoandikwa kwenye poti ya printa katika kompyuta, yaani pale kwenye mipangilio ya printa panapowekwa anwani ya kuiita. Zikitofautiana, umeshaujua ugonjwa, na aliye na nywila ya ruta aiwekee printa anwani ya kudumu ili jambo hili lisijirudie. Ukiona anwani inaanza na 169.254, printa haikupewa anwani na mtu, imejipa yenyewe baada ya kukosa wa kumjibu. Hapo angalia waya, au waifai. Nyumba zetu za kale zina kuta nene za matumbawe na chokaa. Ni baridi nzuri kwa mwanadamu lakini mawimbi ya waifai huzichukia, kwa hivyo ruta ya ukumbini na printa ya chumba cha ndani zinaweza zisisikizane kabisa.

Kuna pia alama ya tiki katika dirisha la foleni ya printa kwenye matoleo mengi ya Windows, ya kuiweka printa oflaini kwa makusudi. Huwekwa na vidole visivyojulikana ni vya nani.

Haki yake nayo isemwe: zipo printa za siku hizi zinazouzwa kwa sharti la kuwa kwenye intaneti muda wote, na ukiituma kazi kutoka nje ya ofisi kupitia intaneti bila shaka unaihitaji. Lakini ile ya ofisini kwenu, iliyoungwa kwa waya kwenye ruta mwaka nenda mwaka rudi, haimo katika hizo.

Kwa hiyo, dada wa mapokezi na wewe kaka wa stoo, mkimwita fundi msimwambie net haiko. Mwambieni printa haipatikani, kisha mmsomee anwani mliyoiona kwenye karatasi na ile iliyo kwenye kompyuta.