Usajili wa mapumziko katika besiboli: kazi iko kwenye orodha ya watu 40

Dirisha la usajili likifunguliwa, Kariakoo nzima inajua Simba inamtaka nani na Yanga imemtema nani. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, nayo ina kipindi chake cha kusuka vikosi: huanza fainali zinapomalizika, mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba, hadi kambi za Florida na Arizona zifunguliwe Februari. Ila mambo yake si ya soka.

Ndani ya ligi hiyo, kwa kawaida hakuna ada ya uhamisho. Ukimtaka mchezaji wa wenzako, unawapa wachezaji wako mbadilishane, au unangoja awe huru. Na uhuru huja baada ya kutimiza miaka sita ya utumishi ligi kuu, ndiyo maana nyota akiupata angali kijana dau halishikiki. Desemba 2024 Juan Soto, akiwa na miaka 26, alisaini New York Mets kwa dola milioni 765 za miaka 15.

Dau kama hilo ndilo huvuma, lakini akili ya bosi wa usajili huonekana kwenye orodha ya watu 40, yaani wachezaji ambao klabu imewaandikisha kwa ajili ya ligi kuu. Humo ndimo hutoka wale 26 wa kikosi cha mechi. Klabu ina vijana wengine chungu nzima kwenye timu zake za chini, na kila Novemba lazima iamue nani aingie. Aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au pungufu, misimu mitano ikipita bila kuingizwa, Desemba klabu nyingine inaweza kumchukua kwa dola 100,000. Sharti lake ni gumu: akae kwenye kikosi cha 26 msimu mzima, la sivyo klabu ya awali ipewe nafasi ya kumrudisha kwa dola 50,000. Kumlinda kijana nako kunagharimu, maana orodha ikishajaa lazima mtu atoke.

Utaratibu huu ni wa zamani, japo masharti yamebadilika. Mwaka 1954 Brooklyn Dodgers walimweka kijana wa Puerto Rico, Roberto Clemente, kwenye timu yao ya chini kule Montreal. Novemba hiyohiyo Pittsburgh Pirates wakamchukua. Akawapigia mipira salama 3,000, yaani mipigo inayomfikisha mpigaji kituoni bila kutolewa, na kutwaa nao ubingwa mwaka 1960 na 1971.

Kwa hiyo wewe unayeanza kuifuatilia ligi hii, usisubiri Desemba na mamilioni yake. Katikati ya Novemba tazama majina ya vijana wanaoongezwa kwenye ile 40, kisha uliza ni nani amewapisha.