Hadubini ya "Mara 2000" Haioni Zaidi

Haupiti muda mrefu kabla mwenye kliniki, wa Likoni au Kisauni, hajaniomba nimtafutie hadubini ya "mara 2000", eti inaonyesha malaria vizuri kuliko ya mara 1000. Haionyeshi. Inaniuma kuona watu wakiitolea pesa namba hiyo.

Hesabu ni nyepesi: lenzi ya jichoni mara lenzi ya chini, ile iliyo karibu na slaidi. 10 kwa 100 ni 1000. Hiyo 2000 hupatikana kwa kubadilisha lenzi ya jichoni tu, kutoka 10 hadi 20. Lenzi ya chini, ambayo ndiyo hasa hutenganisha vitu vilivyokaribiana, imebaki ile ile. Itazame ubavuni: kando ya 100 pameandikwa 1.25. Hiyo ndiyo namba ya kuulizia dukani, kwa sababu inaonyesha uwezo wa lenzi kukusanya mwanga. Kwa 1.25, vitu viwili vilivyoachana chini ya robo ya mikromita hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) huonekana kimoja, hata ukikuza vipi. Izidishe kwa 1000 upate 1250, huo ndio mpaka wa ukuzaji wenye faida. Ukiupita unatanua ukungu. Mwanafizikia Ernst Abbe alilieleza hili Ujerumani mwaka 1873, na mpaka leo maboksi yanabandikwa 2000!

Vimelea vya malaria kwenye slaidi ya damu iliyotiwa rangi ya Giemsa husomwa kwa mara 1000, basi. Ukiona ukungu, kagua lenzi kwanza. Unyevu wa hapa Mombasa huotesha kuvu juu ya vioo. Pesa ya lenzi ya 20 nunulia karatasi za kufutia lenzi na chembe za silika za kukausha kabati.

Wanafunzi nao hujumlisha 10 na 40, wakaandika 50. Zidisheni, jamani: ni 400.

Mafuta yanayotiwa kati ya lenzi ya 100 na slaidi je, ni ya kulinda slaidi? La. Yanapinda mwanga karibu sawa na kioo, ili miale ya pembeni isipotee hewani. Bila mafuta, lenzi ya 100 haiifikii 1.25 yake. Ile ya 40 kwa kawaida ni kavu, usiiguse na mafuta.

Na picha ya simu usiiandikie "mara 400" kwa sababu tu ulitumia lenzi ya 40. Pima kitu pichani kwa rula, kisha gawanya kwa ukubwa wake halisi, kipimo kikiwa kimoja. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa karibu mikromita 7. Ikitoka milimita 14 kwenye karatasi, yaani mikromita 14,000, picha hiyo ni mara 2000, na hakuna kipya ulichoongeza kuona.