Kurekodi sauti kwenye Mac: yanayosemwa na yalivyo

"Mac haina programu ya kurekodi mpaka ununue." Wengi wanaosema hivi wana GarageBand humo humo kwenye mashine, hawajaifungua hata siku moja. Apple waliitoa mwaka 2004, na sasa ni ya bure. Kwa sauti tupu, QuickTime Player inatosha. Tangu macOS Mojave, toleo la 2018 la mfumo wa Mac, ipo pia Voice Memos, ile ile ya kwenye iPhone.

"Ya bure ni ya kujifunzia tu." Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, ipo tangu mwaka 2000, haina malipo, na kwa kazi ya mahojiano naiona bora kuliko GarageBand. GarageBand ilitengenezwa kwa ajili ya mwanamuziki: inakuletea ngoma na midundo wakati wewe unatafuta mahali pa kukata kikohozi cha mgeni wako. Anayetunga muziki abaki nayo. Akiizidi, Logic Pro, ambayo ni ya kulipia, inafungua kazi zake za zamani.

"Audacity imeharibika, hainasi kitu." Mara nyingi ni ruhusa. Tangu Mojave, programu haigusi maikrofoni mpaka uikubalie, na ukikataa siku ya kwanza utabaki kutazama mstari ulionyooka, bila mawimbi ya sauti. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, uiruhusu, kisha uifunge programu na kuifungua upya.

"Sauti ikiwa mbaya, programu ya bei mbaya itaisafisha." Hapa ndipo pesa zinapoteketea. Sauti iliyopasuka kwa kurekodiwa juu mno imeshapoteza sehemu yake. Kuipunguza baadaye kunakupa mpasuko wa chini. Acha vilele vya maneno, yaani pale sauti inapopanda zaidi, vicheze karibu na -12 dB (desibeli) kwenye kipimo cha programu. Mwangwi wa chumba kitupu chenye sakafu ya vigae nao ni king'ang'anizi. Mapazia, godoro lililosimamishwa ukutani, au kukaa karibu na kabati la nguo lililo wazi husaidia kuliko leseni yoyote.

Mvumo wa feni ni afadhali, kwa sababu haubadilikibadiliki. Audacity huusoma mvumo wenyewe kwanza, halafu huupunguza katika rekodi nzima. Jogoo wa jirani haondoki hivyo. Basi ukishabonyeza kitufe cha kurekodi, nyamaza sekunde tano kabla ya neno la kwanza, ili programu ipate kipande cha mvumo mtupu cha kusoma.