Safari ya mchekeshaji: kipindi ambacho anayechekwa ni mgeni

Kipindi cha safari cha mchekeshaji ni mfululizo wa televisheni au wa mtandaoni ambamo mtu aliyezoea kuchekesha watu jukwaani anafunga mizigo, anakwenda nchi asiyoijua, na kamera inamfuata akila, akipotea njia, akifundishwa kazi za watu. Mandhari imo, mila zimo, historia imo. Lakini kinachomshika mtazamaji mpaka mwisho ni yule mgeni mwenyewe na jinsi anavyopokewa.

Hapo ndipo kinapoachana na tangazo la utalii. La Zanzibar tumelizoea: mchanga mweupe, jua linazama Nungwi, ngalawa inapita na tanga lake, na hakuna binadamu anayefungua kinywa. Kinaachana pia na filamu ya mafunzo, ambayo msimulizi wake anajua kila kitu. Mchekeshaji huja hajui. Anauliza lile swali ambalo msomi angeona haya kuliuliza, na mwenyeji anakuwa mwalimu.

Chukua msimu wa karafuu Pemba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi huyu apewe pakacha apande mti. Mchumaji aliyekulia kazini yuko juu zamani, analivuta tawi taratibu kwa sababu tawi la mkarafuu huvunjika upesi, na likivunjika mwenye shamba amekula hasara ya miaka. Mgeni bado amekumbatia shina. Jioni anakaa jamvini na kina mama kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule. Wao mikono inakwenda yenyewe na mazungumzo yanaendelea. Yeye anatoa moja moja kama anayehesabu dawa. "Baba, kwa mwendo huo utalala hapa," anaambiwa. Ikija kupimwa, pishi haijajaa. Kila mtu anacheka, na yeye anacheka. Mtu aliyeko mbali, mwenye kichupa cha karafuu jikoni kwake, ameona kwa mara ya kwanza kwamba kila punje ilipita mkononi mwa mtu.

Sisi kicheko cha namna hii tunakijua: ni utani. Babu anamwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", mjukuu anamjibu kuwa hataki mume kibogoyo, na hakuna anayeumia, kwa kuwa wote wawili wana ruhusa na kila mmoja ana zamu yake. Kipimo changu cha vipindi hivi ni hicho hicho. Je, mwenyeji naye ana zamu ya kumcheka mgeni? Akiwa hana, huo si utani tena, ni dhihaka, hata picha ziwe nzuri vipi.

Aliyeonyesha mapema kwamba inawezekana kufanya hivi kwa heshima ni Michael Palin, mchekeshaji wa Uingereza. Katika mfululizo wake wa BBC wa mwaka 1989 wa kuizunguka dunia, alipanda jahazi kutoka Dubai hadi Bombay pamoja na mabaharia Wagujarati. Humo baharini hakuwa nyota wa televisheni, alikuwa abiria tu, na wenye chombo ndio waliojua kazi. Kwa watu wa visiwa vilivyokuwa vikipokea majahazi kila upepo wa kaskazi ulipovuma, ile ni sehemu ya kutazama kwa makini.

Ugumu huja kwenye mambo yanayohitaji kuelezwa. Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, Unguja, kila Julai, una wanaume wanaopigana kwa migomba. Kamera ya haraka itachukua vipigo, mchekeshaji atatoa macho, kipindi kimekwisha. Inayokaa itamsikia mzee akieleza kwamba watu wanatoa vinyongo vya mwaka mzima ili mwaka mpya usivikute. Itaona kibanda cha makuti kikichomwa, na kina mama wakipita wanaimba katika nguo zao bora. Na kama mchekeshaji hana pa kula, atagundua jambo jingine la siku ile: wenyeji huona si vizuri nyumba kukosa mgeni, kwa hiyo atavutwa mkono mlangoni kabla hajapiga hodi.